Bei ya katani na vita vya dunia: somo la historia kutoka Mashewa

Mwanafunzi wa Mashewa, kata ya Korogwe iliyo kati ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki, husomeshwa historia ya dunia kwa vipindi vifupi. Wiki hii Vita ya Kwanza, wiki ijayo Mdororo Mkuu wa Uchumi, kisha Vita ya Pili. Kila tukio lina sababu zake na matokeo yake, na karibu yote huanzia Sarajevo, New York au Berlin. Wengi hulaumu ufupi wa masomo hayo. Mimi naona ufupi hauna kosa. Tatizo ni mahali yanapoanzia. Mkonge umeota katika bonde la Lwengera na nyanda za Korogwe, Muheza na Handeni kwa zaidi ya miaka mia moja, na karibu kila mtikisiko mkubwa wa karne ya 20 ulipita katika mashamba hayo kwa sura ya bei, amri au mshahara. Mwalimu akianzia hapo, dakika arobaini zinatosha.

Tuanze na ukoloni. Vitabu husema Ulaya ilikuja kutafuta malighafi, na mwanafunzi hukariri hivyo bila kuuliza ni malighafi ipi wala kwa nini wakati ule. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 mashine za kuvuna ngano huko Marekani zilianza kufunga miganda zenyewe kwa kamba, na nyuzi za kamba hiyo zilitoka kwa wingi Yucatán, Mexico. Aliyetaka faida bila kuitegemea Mexico ilimbidi apate mmea wa jamii hiyo na ardhi kame ya kuupanda. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona safari ndefu ya kupitia Hamburg ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mji ambao miaka minne tu nyuma yake, Desemba 1889, Wajerumani walikuwa wamemnyongea Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902. Kufikia 1913 koloni lilisafirisha takriban tani 20,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Na mikono ya kuikata? Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, tangu 1907 wanaume walipewa kadi zilizowalazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Ngano ya Marekani, bunduki ya Pangani na kadi ya Usambara ni habari moja.

Vita ya 1914 ilifika haraka. Novemba mwaka huo jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilitua Tanga na kushindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Simulizi hupenda kuishia hapo, kwenye nyuki walioshambulia askari, na ni simulizi tamu. Lakini kwa watu wa huku mwaka mzito zaidi ulikuwa 1916, Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, aliposhuka kufuata mto Pangani, na Juni ya mwaka huo Korogwe na Handeni zote mbili zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha vijiji na kuchukua wapagazi. Baada ya vita mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kama mali ya adui, na miongoni mwa walionunua walikuwa Wagiriki na Wahindi. Mkataba wa Versailles, ambao darasani huonekana kuwa ugomvi wa Wazungu kuhusu mipaka na fidia, huku ulibadilisha jina la bwana wa shamba. Kadi ya kazi ikabaki, kwa sura ya kipande kilichohesabu siku za kazi.

Mdororo wa 1929 ndio somo linaloharibiwa zaidi kwa kuanzia mbali. Mwanafunzi huambiwa soko la hisa la New York lilianguka, viwanda vikafungwa, uzalishaji ukapungua. Katika mashamba ya mkonge mambo yalikwenda kinyume: bei ya katani ilianguka kwa zaidi ya nusu, ilhali uzalishaji uliongezeka. Mkonge huchukua miaka kadhaa kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo fedha ya mwenye shamba ilikuwa imeshazikwa ardhini, na deni la korona, mashine ya kuchambua nyuzi, lilimsubiri. Njia aliyoiona ni kuuza tani nyingi zaidi kwa bei duni na kuyafidia maumivu kwa kupunguza ujira. Kwa hiyo mdororo uliosimamisha viwanda vya Detroit, Tanga haukupunguza kazi ya shambani, ila uliipunguzia thamani. Anayeelewa tofauti hiyo ameelewa jinsi uchumi wa kikoloni ulivyofanya kazi, kuliko anayekariri tarehe ya Oktoba 1929.

Vita ya Pili ilikuja kwa mlango wa Asia. Wajapani walipoiteka Java na Ufilipino mwaka 1942, nchi zilizopigana upande wa Uingereza zilipoteza mkonge wa Java na nyuzi za Manila, na meli za kivita hazifungwi bandarini kwa maneno. Tanganyika ikawa ghala lao. Serikali ya Uingereza ilinunua katani yote kwa bei iliyoipanga yenyewe, na watu wakaandikishwa kwa nguvu kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwatafuta na kuwasafirisha manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali. Kisha Vita ya Korea ilipozuka 1950, hofu ya uhaba ilirusha bei juu sana, na mkonge ukawa nguzo kuu ya mapato ya nchi.

Hapa msomaji makini anaweza kupinga: historia ya namna hii inawafanya watu wa Korogwe waonekane kama majani ya mkonge, wa kukatwa na kupakiwa tu. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake limo katika swali dogo: kwa nini manamba walitolewa Songea, Msumbiji na Burundi, wakati Wasambaa na Wazigua walikuwa hapohapo? Kwa sababu wenyeji, kila walipopata nafasi, waliona ni heri kulima na kuwauzia chakula watu wa kambi kuliko kumaliza kipande. Ofisi nzima ya kuajiri ilizaliwa na ukaidi huo. Manamba nao hawakunyamaza. Mgomo wa mwaka 1958 katika shamba la Mazinde, Korogwe, ulidumu zaidi ya miezi miwili, wakati chama cha wafanyakazi wa mashamba kikijijenga sambamba na vuguvugu la uhuru.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Wapo wanaosema mkonge haukuuawa na dunia bali na Azimio la Arusha, serikali ilipochukua sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967. Mpangilio wa miaka hauwaungi mkono sana. Kilele kilikuwa 1964, takriban tani 230,000; bei ilianza kushuka mwaka huohuo, kamba za plastiki zitokanazo na mafuta zikiingia sokoni na Brazil ikiongeza uzalishaji. Kenya, ambayo haikutaifisha, nayo ilishuka. Ila Kenya haikuporomoka kwa kina kama sisi, ambao katikati ya miaka ya 1990 hatukufikisha hata tani 30,000. Na mafuta yalipopanda bei 1973, katani ilipata soko zuri tena, lakini mashamba mengi hayakuwa yamepandwa upya. Kwa hiyo plastiki ilianzisha anguko, na uendeshaji wetu ukalizamisha. Kumtaja mmoja na kumwacha mwingine ni siasa.

Bila shaka mkonge haufiki kila mahali. Mapinduzi ya Ufaransa na mauaji ya Wayahudi yanahitaji milango mingine, na mwalimu asiyafinye ili yapite kwenye korona. Lakini kwa yanayopita, kazi haijaisha. Tangu kubinafsishwa kwa mashamba mwaka 1998, wakulima wadogo wa Korogwe, hata wa Magoma, jirani ya Mashewa, wamegawiwa sehemu za mashamba wakate mkonge wao wenyewe, na mnunuzi mkubwa wa katani ya Tanzania sasa ni China. Kipindi hicho bado hakijaandikwa vizuri. Mwalimu wa Mashewa anaweza kukianza kwa kuwatuma wanafunzi waulize bei ya robota msimu huu na aliyeipanga.