Miaka 46 ya Kukisaka Kichocheo

Mgonjwa anayeambiwa atadungwa sindano ndani ya jicho huniuliza: "Dawa hiyo inakwenda kufanya nini humo, mwanangu?" Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho, na jibu langu huanzia mbali.

Mwaka 1948, daktari Mskoti Isaac Michaelson alichunguza mishipa ya damu inavyoota kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Aliona kuwa kandokando ya ateri, penye oksijeni tele, kapilari hazioti. Akatoa hoja kwamba retina inayokosa oksijeni hutoa kitu kinachootesha mishipa mipya. Kitu chenyewe hakukiona.

Wakati huo insulini, iliyopatikana Toronto mwaka 1921, ilikuwa imewaongezea wagonjwa wa kisukari miaka ya kuishi, na wengi wakaishi hadi kupofushwa na mishipa mipya ya namna hiyo. Mwaka 1953 daktari Poulsen wa Denmark aliripoti habari za mama mwenye kisukari ambaye tezi yake ya pituitari ilikufa baada ya kujifungua; maradhi ya retina yakafifia. Miaka hiyohiyo, Rolf Luft wa Stockholm na wenzake waliwatoa wagonjwa tezi hiyo kwa upasuaji. Baadhi waliokoa macho, lakini maisha yao yote wakategemea homoni za dawa. Upofu uliogopwa kiasi hicho.

Wengine walikishuku kimeng'enya aldozi riduktazi, kinachogeuza glukosi kuwa sorbitoli. Dawa ya kukizuia, sorbinili, ilijaribiwa. Matokeo ya 1990 yalionyesha haikuikinga retina.

Kuichoma retina kwa mwanga mkali, ukiwemo wa leza, ndiko kulikofaulu. Mwaka 1976 utafiti wa Marekani ulithibitisha kuwa kunapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Kwa nini? Mwaka 1994 Lloyd Paul Aiello na wenzake huko Boston walipima sampuli 210 za majimaji ya macho kutoka kwa wagonjwa 164. Palipoota mishipa mipya, kichocheo cha ukuaji kiitwacho VEGF kilikuwa kingi. Leza ilipofaulu, kilishuka. Hoja ya Michaelson ikapata ushahidi.

Sindano ya leo hukinasa kichocheo hicho kisiiguse mishipa. Haiondoi ukosefu wa oksijeni unaokizalisha, ndiyo maana hurudiwa. Ninaowaonea uchungu ni wanaochelewa kwa kuwa walikuwa bado wanaona vizuri. Retina huharibika bila maumivu. Mwenye kisukari na apimwe macho kila mwaka, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa dawa, hata kama anazisoma herufi zote ubaoni.