Kuchonga picha kwenye metali kwa leza ya faiba

Kuchonga kwa leza ya faiba ni njia ya kuweka picha kwenye metali kwa mapigo mafupi ya mwanga ambayo huyeyusha, hufukiza au hubadili rangi ya uso wake. Mwanga huo huzalishwa ndani ya uzi wa kioo uliotiwa elementi ya iterbi, na urefu wa wimbi lake ni takriban nanomita 1,064, kiasi kisichoonekana kwa macho. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960. Elias Snitzer, naye Mmarekani, akaanzisha leza za uzi wa kioo miaka michache tu baadaye. Leza ya kabonidayoksaidi iliyozoeleka kwenye mbao na akriliki ina wimbi la nanomita 10,600, ambalo metali tupu hulirudisha karibu lote.

Nguvu ya mashine hizi imo katika mapigo yake. Mashine ya wati 20 ikipiga mara 20,000 kwa sekunde, kila pigo hubeba milijuli moja. Pigo hilo likidumu nanosekunde 100, kwa kitambo hicho nguvu hufika kilowati 10. Vioo viwili vidogo vinavyogeuka kwa kasi huelekeza mwale, na lenzi huukusanya kuwa nukta ndogo.

Kwenye nukta hiyo ndipo ugumu wa picha unapoanzia. Katika uchongaji wa kawaida wa picha, leza ama imepiga mahali ama haikupiga, kijivu hakipo. Programu hugawa picha kuwa nukta, zikiwa nyingi penye giza na chache penye mwanga, na jicho la mtazamaji huzichanganya lenyewe. Kanuni inayotumiwa sana ni ile ya Robert Floyd na Louis Steinberg ya mwaka 1976. Wengi huharibu kazi kwa kudhani kwamba nukta zikiongezwa picha itakuwa kali zaidi. Nukta ikiwa na kipenyo cha milimita 0.05, inchi moja hubeba takriban nukta 500 tu. Ukiagiza 1,000, zitapandana na picha itajaa weusi. Kwenye alama nyeusi juu ya chuma cha pua, nyuso za watu weusi ndizo huumia kwanza, kwa kuwa maelezo yake mengi yamo katika rangi za kati na za giza. Picha hizo hutaka kung'arishwa kabla ya kugawanywa, hata kama kwenye skrini zitaonekana zimepauka.

Kila metali ina tabia yake. Alumini iliyoanodishwa na kutiwa rangi nyeusi ndiyo rahisi kuliko zote: leza huondoa rangi na kuacha weupe safi, hivyo picha hugeuzwa kuwa hasi kwanza. Chuma cha pua kinaweza kutoa weupe au weusi kutegemea kasi, umbali wa lenzi na wingi wa mapigo. Kikipashwa moto kwa kiasi, huota utando mwembamba wa oksidi unaotoa manjano au buluu, kama mafuta yaliyotanda juu ya maji. Rangi hizo hupendeza, ila joto likizidi hudhoofisha kinga ya kromiamu na kutu huingia pale pale penye picha. Shaba hurudisha mwanga mwingi na kusambaza joto upesi, kwa hiyo hudai nguvu zaidi.

Uchongaji wa kina, kama wa mihuri ya kupigia sarafu, ni kazi nyingine kabisa. Hapo kijivu humaanisha kimo: kwa kawaida cheupe hubaki juu, cheusi huchimbwa. Picha ya kawaida ya mtu haifai, maana nywele nyeusi zitakuwa shimo. Huhitajika ramani ya kimo, na leza hupita tabaka baada ya tabaka, kwa saa kadhaa wakati mwingine, huku mipito myepesi ikisafisha masizi.

Moshi wa metali hufyonzwa kwa feni na chujio. Ule wa mabati, wenye zinki, huleta homa kwa anayeuvuta. Jicho huhitaji uangalifu zaidi. Mwale wa nanomita 1,064 hupenya mboni na kukusanywa na lenzi ya jicho juu ya retina, nao haumfanyi mtu apepese kwa kuwa hauonekani. Kifuniko cha akriliki angavu kinachozuia leza ya kabonidayoksaidi huupitisha mwale huu, kwa hiyo miwani lazima iwe imetengenezwa kwa wimbi hilo hasa.