Samba (programu)

Samba ni programu huria inayoziwezesha kompyuta zenye mfumo wa uendeshaji wa Linux, na mifumo mingine ya jamii ya Unix, kushirikiana mafaili na printa na kompyuta za Windows kupitia mtandao. Jina limetokana na SMB, kifupi cha jina la itifaki inayotumiwa na Windows kwa kazi hiyo. Programu hii haihusiani na muziki wa samba wa Brazil.

Samba hutolewa bure chini ya leseni ya GPL. Nyumbani hutumika pale ambapo kompyuta moja inahifadhi picha, muziki au kazi za shule, na nyingine zinahitaji kuzisoma bila kuzunguka na flashi mkononi. Vifaa vingi vidogo vya kuhifadhia data vinavyounganishwa na ruta pia hutumia Samba ndani yake.

## Historia

Itifaki ya SMB ilibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaendelezwa na Microsoft. Mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992 Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Australian National University mjini Canberra, alitaka kompyuta yake ya DOS isome mafaili yaliyokuwa kwenye seva ya Unix. Kwa kuwa hakuwa na maelezo ya itifaki hiyo, alichunguza data zilizokuwa zikipita katika mtandao mpaka akaelewa mpangilio wake, kisha akaandika seva yake mwenyewe.

Jina la kwanza la programu lilikuwa tayari ni alama ya biashara ya kampuni nyingine. Tridgell alitafuta katika orodha ya maneno kompyutani neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, akapata "samba". Mwaka 2007, baada ya kesi ya ushindani wa kibiashara katika Umoja wa Ulaya, watengenezaji wa Samba walipata haki ya kusoma maelezo ya itifaki za Microsoft. Toleo la 4.0 lilitoka Desemba 2012.

## Jinsi inavyofanya kazi

Kompyuta ya Linux inayotoa mafaili huendesha huduma iitwayo smbd. Huduma hiyo husoma mipangilio yake katika faili /etc/samba/smb.conf. Folda moja hutangazwa kwa mistari michache tu:

[picha]
path = /srv/picha
read only = no
valid users = asha

Mstari wa kwanza ni jina litakaloonekana kwenye mtandao, wa pili ni mahali folda ilipo, wa tatu unaruhusu kuandika, na wa nne unataja mtumiaji anayeruhusiwa kuingia. Kwenye Windows folda hiyo hufunguliwa kwa kuandika anwani kama \\192.168.1.20\picha. Kwa upande wa pili, Linux hufungua folda za Windows kwa anwani inayoanza na smb://.

## Utatuzi wa matatizo

Ombi la kufungua faili hupita hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kulizuia. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kuzikagua moja baada ya nyingine, kuanzia chini, badala ya kubadilisha mipangilio mingi kwa wakati mmoja.

1. Mtandao. Kompyuta zote mbili ziwe kwenye ruta ileile. Wi-Fi ya wageni mara nyingi hutenganisha vifaa makusudi. Amri ya ping husaidia, lakini Windows inaweza kukaa kimya hata kama mtandao ni mzima.

2. Jina. Kutoonekana kwenye orodha ya kompyuta za mtandao si sawa na kutofikika. Matoleo mapya ya Windows hutumia njia nyingine ya kutafutana, ambayo Samba yenyewe haina. Programu ndogo ya wsdd huziba pengo hilo. Kwanza jaribu anwani ya namba. Ikifunguka, tatizo ni la jina tu.

3. Huduma na ukuta wa moto. Amri testparm huonyesha makosa ya maandishi katika smb.conf. Baada ya kubadilisha mipangilio, ni vyema kuiwasha upya huduma ya smbd. Ukuta wa moto wa Linux lazima uruhusu poti 445. Kwenye Ubuntu hutumika amri sudo ufw allow samba. Kwenye Windows, mtandao wa nyumbani uwekwe kuwa binafsi, si wa umma.

4. Nenosiri. Samba hutunza manenosiri yake peke yake, mbali na yale ya kuingilia Linux. Mtumiaji huongezwa kwa amri sudo smbpasswd -a asha, naye lazima awe tayari na akaunti ya Linux. Namba fupi ya PIN inayofungua Windows haifanyi kazi kupitia mtandao. Ikiwa Windows imeng'ang'ania jina la zamani, amri net use * /delete hukata miunganisho iliyopo.

5. Ruhusa. Mtu akiingia lakini akashindwa kuandika, kwa kawaida kizuizi ni ruhusa za Linux. Samba haiwezi kumpa mtumiaji haki ambayo mfumo wenyewe umemnyima. Folda za juu yake nazo lazima zimruhusu kupita. Kwenye Fedora, ulinzi wa SELinux hudai folda iwekwe lebo ya samba_share_t.

Tatizo jingine ni majina ya mafaili. Kwa Linux, "Barua" na "barua" ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina moja. Alama kama ? na : zinakubalika Linux lakini zinakataliwa na Windows.

## Usalama

Kompyuta zinapokataa kuwasiliana, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuwasha toleo la kwanza la itifaki, yaani SMB1. Mara nyingine ushauri huo hufanikiwa, lakini ni wa hatari. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kutumia udhaifu katika SMB1 ya Windows. Ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali nyingi za Uingereza zilivurugiwa kazi. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Mwezi uleule wa Mei udhaifu mkubwa uligunduliwa katika Samba pia, nao ukarekebishwa.

Tangu mwishoni mwa 2017 Windows 10 mpya haiweki SMB1 kwa kawaida, na Samba imeizima kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kifaa kisichojua toleo jingine ni bora kisasishwe au kibadilishwe. Vilevile poti 445 haipaswi kufunguliwa kwenye ruta kuelekea intaneti, na folda isiyodai nenosiri isiwekwe nyaraka muhimu. Samba hurahisisha kufikia mafaili, lakini haichukui nafasi ya nakala ya akiba: faili likifutwa kutoka kompyuta moja, limefutwa kwa wote.