Kujenga au kununua nyumba Faza: uliza warithi kabla ya bei

Kaskazi ikivuma na jamaa wakirudi kutoka Mombasa au Uarabuni na akiba yao, swali ni lile lile: nijenge yangu au ninunue iliyopo? Wengi huanza na bei. Mimi naona kwetu Faza bei ni swali la tatu. La kwanza ni nani mwenye haki na mahali penyewe. La pili ni bahari.

Tuanze na kununua. Nyumba ya mawe iliyosimama humwondolea mtu taabu ya mafundi. Lakini nyumba nyingi kongwe za mjini ni mirathi isiyogawanywa. Babu alifariki, watoto wakabaki humo, wakazaa, na leo anayeuza ni yule aliyebaki na funguo. Huyo anaweza kuuza fungu lake tu. Mjane ana thumni pakiwa na watoto, binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na aliye ng'ambo hapotezi haki kwa kuwa hakuwahi mazikoni. Katika ukoo wetu tuliwahi kuhesabu warithi wa nyumba moja ya vyumba vinne, tukafika kumi na tisa. Mnunuzi alikuwa amesimama na fedha taslimu. Aliposikia hesabu ile alizirudisha mfukoni, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa hiyo mwambie muuzaji apeleke mirathi kwa Kadhi kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua urithi wa Waislamu walioridhia kufika mbele yake. Kila mrithi atie sahihi, na asiyekuwepo aweke wakili kwa maandishi. Mapatano ya mdomo mbele ya wazee yana heshima yake, lakini sheria ya mikataba ya Kenya inataka uuzaji wa ardhi uandikwe, pande zote zitie sahihi na pawe na shahidi.

Kisha uliza unanunua nini. Pwani tuna desturi ya nyumba bila ardhi: ukuta wako, mchanga wa mwingine. Ikiwa kuna hati, fanya sachi katika ofisi ya ardhi, na uweke fungu la ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani. Ikiwa hakuna hati, jua kwamba unanunua jengo na neno la majirani, na bei iwe ya hivyo.

Nyumba njema si mlango. Ingia ndani utazame boriti pale zinapoingia ukutani; ndipo zinapooza na ndipo mchwa huanza. Kumbuka pia kwamba urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, takriban mita tatu au pungufu. Anayetaka sebule pana hataipata bila kubomoa.

Sasa kujenga. Anayejenga hupanga vyumba apendavyo, lakini bahari humtoza. Kisiwa cha Pate hakina daraja. Saruji, nondo na mabati hufika Mokowe au Lamu kwanza, kisha chomboni. Kila mfuko hulipiwa lori, mchukuzi, nauli ya chombo, na mchukuzi tena. Njia ya Mkanda hungoja maji yajae, na kusi ikichafuka mzigo hukaa. Nunua vifaa wakati wa kaskazi. Usikubali fundi achanganye saruji na mchanga wa pwani: chumvi yake hula nondo, na zege hupasuka kutoka ndani.

Hesabu maji pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba likipata milimita 500 huteremsha lita 40,000, kabla ya kutoa zinazomwagika. Basi jabia ichorwe pamoja na msingi. Na tusisahau moto wa 2009 uliokula mamia ya nyumba mjini kwetu: makuti yaliyobanana hupokezana cheche. Acha nafasi kati yako na jirani. Ruhusa ya ujenzi huombwa serikali ya kaunti, kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019.

Lakini kiwanja cha ukoo nacho kina warithi. Wapo waliojenga juu ya ardhi ya baba kwa idhini ya kaka mmoja, na baada ya miaka wakaambiwa na watoto wa dada kwamba ukuta ni wao ila mahali si pao. Kujenga hakukuepushi na swali la kwanza.

Rai yangu ni hii. Warithi wote wakijulikana na kutia sahihi, nunua, hata kama boriti zimechoka. Boriti hubadilishwa, mrithi aliyesahauliwa habadilishwi. Wasipopatikana, tafuta kiwanja kisicho na mgogoro ujenge kwa awamu, chumba kimoja na jabia kwanza, na usiache kuta wazi masika yakikaribia. Pande zote mbili zikiwa na shaka, pangisha mwaka mmoja. Kodi ya mwaka ni nafuu kuliko kesi ya miaka kumi na jamaa zako.