Mlipaji Aliyejificha: Fedha za CIA na Waandishi wa Afrika Mashariki

Aprili 1966, gazeti la New York Times liliandika kwamba Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, lililoasisiwa Berlin Magharibi mwaka 1950, lilikuwa likipokea fedha za CIA. Mwaka uliofuata Thomas Braden, aliyewahi kuwa ofisa wa shirika hilo la kijasusi, alikiri hadharani, tena kwa majivuno. Ulaya ilishughulika zaidi na fedheha ya Encounter, jarida la London lililofadhiliwa na Kongamano. Kwetu Afrika Mashariki waliofadhiliwa na Kongamano walikuwamo jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961, kituo cha Chemchemi cha Nairobi chini ya Ezekiel Mphahlele, na mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere Juni 1962.

Tangu hapo mjadala umeng'ang'ania swali moja: je, majasusi waliamuru nini kiandikwe? Swali hilo ni finyu, na ndiyo maana watetezi wa Kongamano hulijibu kwa urahisi. Watakuonyesha Transition yenyewe. Mwaka 1963 Obi Wali aliushambulia humo mkutano wa Makerere, akisema fasihi ya Kiafrika katika lugha za Ulaya haina mbele. Mwaka 1966 Ali Mazrui alimchambua Nkrumah bila huruma (makala ambayo, tukubali, haikuwa na cha kuiudhi Washington). Neogy hakuwa kibaraka. Hata hivyo, mwaka 1958 Encounter ilikuwa imeikataa makala ya Dwight Macdonald iliyoisema vibaya Marekani, baada ya kuikubali kwanza. Mkono ulikuwapo, ila haukuonekana kila siku.

Nguvu kubwa zaidi ya fedha hizo ilikuwa katika kuchagua nani aalikwe. Zilitoka CIA, zikapitia Farfield, taasisi ya hisani iliyoongozwa na Julius Fleischmann, tajiri wa ukoo uliojulikana kwa hamira, zikafika Paris kwa Michael Josselson, mtendaji wa Kongamano na mtu wa CIA, ndipo zikaja Afrika. Mkutano wa Makerere ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi, aliingia kwa sababu ya hadithi fupi chache. Shaaban Robert, mwenye vitabu tele vya mashairi na nathari, hakualikwa kwa kuwa aliandika Kiswahili; alifariki mwezi huohuo. Baadaye Ngugi mwenyewe alilisema jambo hili kwa uchungu. Ni kweli kwamba shule za kikoloni zilikuwa zimekwisha kukiweka Kiingereza kitini, na si CIA iliyokileta. Lakini tiketi, nafasi ya kuchapishwa na kufahamiana na wachapishaji wa London vilikwenda kwa waliokuwa tayari upande huo, na aliyeachwa nje hakuwa na wa kumlalamikia.

Hapo ndipo usiri unapokosa utetezi. Mwandishi akijua nani analipa, anaweza kukubali, kukataa au kudai masharti. Mkutano wa waandishi wa Asia na Afrika uliofanyika Tashkent mwaka 1958 ulikuwa na malengo yake ya kisiasa, lakini kila mjumbe alijua yumo nyumbani kwa nani. Waliokutana Makerere walinyimwa ujuzi huo, na wengine walibaki na doa wasilolichuma. Mwaka 1968, serikali ya Obote nchini Uganda ilipomkamata Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja kwa barua ya Mayanja iliyochapishwa katika Transition na kuikosoa katiba, mhariri huyo aliyewekwa ndani kwa kutetea uhuru wa kusema alikuwa amekwisha kuchafuliwa jina na watu waliodai kuutetea uhuru huohuo.

Kumbukumbu za Kongamano zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Watafiti wa fasihi ya Kiswahili wazisome, na waanze na barua za mialiko ya mwaka 1962.