Mpishi aliyewaachia wenzake mwanya

Agosti 1895, mpishi Wong Kim Ark alirejea kwa meli San Francisco, mji aliozaliwa, baada ya kuzuru China. Maafisa wakamkatalia kushuka. Kwao alikuwa Mchina tu, na tangu 1882 vibarua wa Kichina walipigwa marufuku kuingia Marekani. Akazuiliwa miezi kadhaa, akihamishwa meli hadi meli bandarini. Machi 1898 Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita dhidi ya wawili, kwamba aliyezaliwa Marekani ni raia. Hata hivyo, mwaka 1901 alikamatwa tena, safari hii El Paso, Texas.

Wazazi wa watu kama yeye hawakuwa na njia hiyo. Sheria ya 1790 iliruhusu wageni weupe tu kuomba uraia. 1870 wakaongezwa wenye asili ya Afrika, Waasia wakaachwa nje. California ikajua pa kubania. Sheria yake ya ardhi ya 1913 haikuwataja Wajapani popote. Ilimzuia tu mgeni asiyestahili uraia kumiliki ardhi. Hakuna aliyeuliza nani anasemwa.

Jukichi Harada, mwenye mgahawa mjini Riverside, akatumia mwanya wa Wong. Mwaka 1915 alinunua nyumba, hati akaiandikisha kwa majina ya wanawe watatu wadogo, Mine, Sumi na Yoshizo, wote wazaliwa wa Marekani. Majirani wakaja juu, jimbo likaenda mahakamani. Hukumu ya 1918 ikawaachia watoto nyumba yao.

Wachina nao walisaidiwa na janga. Moto wa 1906 uliteketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco, na wengi wakadai walizaliwa hapo, ili wanao walioko China wahesabiwe raia. Nafasi za wana wa kubuni zikauzwa. Serikali ikajibu kwa mahojiano makali katika kituo cha Angel Island kilichofunguliwa 1910: kwenu kuna madirisha mangapi? Kisima kiko upande gani? Majibu yakipishana na ya baba, unaweza kurudishwa. Sidhani hata mtoto wa kweli angeyajibu yote bila kujikwaa.

Marufuku ya 1882 ilifutwa 1943, Wachina wakapewa nafasi 105 kwa mwaka. Wajapani walisubiri uraia hadi 1952. Harada hakuufikia: alifia Topaz, Utah, mwaka 1944, katika kambi ambako Wajapani wa California walifungiwa wakati wa vita, wenye uraia na wasio nao. Sumi alirudi Riverside 1945, akawapangisha vyumba waliotoka kambini bila pa kwenda.