Robert Serumaga: Mwigizaji Aliyeyaweka Maneno Kando

Hapa Port Bell, bandari ya Kampala, Kiswahili kimezoeleka kama lugha ya kazi. Makuli na mabaharia wa meli za Kisumu na Mwanza walielewana kwacho. Hata hivyo, mwanafunzi anayekisomea huweza kuulizwa na wazee nyumbani: mbona unasoma lugha ya askari? Maisha ya Robert Serumaga yanatusaidia kulielewa swali hilo.

Serumaga alizaliwa mwaka 1939. Alisomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin, lakini aliporejea Uganda alivutwa na jukwaa. Alikuwa mwigizaji, mwongozaji, mtunzi wa tamthilia na mwandishi wa riwaya. Riwaya yake, Return to the Shadows, ilitoka mwaka 1969. Hiyo, pamoja na tamthilia zake za mwanzo, aliiandika kwa Kiingereza.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na maneno yakawa hatari. Byron Kawadwa, mtunzi na kiongozi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliuawa mwaka 1977. Serumaga na kundi lake la Abafumi, yaani wasimulizi wa hadithi, walichagua njia nyingine. Katika Renga Moi walitegemea sana ngoma, nyimbo na miondoko ya mwili. Katika Amayirikiti maneno yalikaribia kutoweka kabisa. Jina hilo ni la miti yenye maua mekundu, na mtazamaji wa Kampala hakuhitaji kufafanuliwa wekundu huo. Mkaguzi naye hakuwa na sentensi ya kufuta.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1973 Amin huyohuyo alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Wengi walikuwa wakikisikia vinywani mwa askari, kikiamrisha na kutisha. Ndiyo asili ya swali la wazee.

Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, Serumaga alikuwa waziri wa biashara katika serikali fupi ya Yusuf Lule. Alifariki Nairobi mwaka 1980.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini azimio halifuti kumbukumbu. Tunawashauri walimu wenzetu wasianze na ngeli peke yake. Waieleze historia hii waziwazi, kisha wawape wanafunzi jukwaa. Lugha iliyoogopwa kwa sababu ya amri huzoeleka kwa hadithi, nyimbo na mchezo.